Mfuko wa Plastiki na Hesabu ya Kila Mtu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeumba bara na bahari, akampa mwanadamu vyote viwili kuwa ni amana. Na rehema na amani zimshukie bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Liko jambo ambalo watu wa mwambao wamelibishania mabarazani kwa miaka mingi, tangu Serikali ya Zanzibar ilipokataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, ikafuata Serikali ya Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kisha Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kwa dhahiri yake jambo hili ni dogo. Ni mfuko mwepesi wa kutilia samaki na nyanya, ambao baadhi ya watu wauita juala, na wengine rambo, na wengine nailoni. Mtu hupewa dukani bila ya kuuomba, na kabla ya magharibi huwa amekwisha kuutupa. Walakini ndani ya jambo hili dogo mna suala kubwa, ambalo kila mwenye akili yampasa alizingatie, nalo ni hili: Madhara yakiwa yametoka katika mikono elfu, na kila mkono umetoa kidogo kisichoonekana, je, dhambi yake ni ya nani?

Wako wasemao kuwa ni ya Serikali, kwa kuwa haizoi taka. Wako wasemao kuwa ni ya wenye viwanda, kwa kuwa wao ndio waliofanya mifuko. Na wengi wa watu hawasemi neno, bali hunyosha mkono wakapokea mfuko, kwa kuona kuwa mfuko mmoja si kitu. Hoja zao zafaa zitazamwe moja moja kwa insafu, pasina kumdharau mtu.

KHABARI YA MFUKO WENYEWE

Mfuko huu si kitu cha zamani. Aliyebuni sura yake ijulikanayo leo, yenye vishikio viwili kama mabega ya fulana, ni mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, na kampuni yake ikapewa hati miliki ya ubunifu huo Marekani mwaka 1965. Na insafu yataka kutaja fadhila za kitu kabla ya aibu zake. Mfuko huu haupitishi maji, kwa hivyo muuza pweza na muuza samaki waliupenda, ni mwepesi, na bei yake ni rahisi hata hutolewa bure, masikini akaupata sawa na tajiri. Hapana mtu aliyeupokea kwa nia ya kufisidi.

Aibu yake kubwa ni moja, nayo ni kuwa hauozi. Hukatikakatika kwa jua na mawimbi ukawa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vikabaki mchangani na majini. Ukiwa mzima huziba mitaro. Katika Bangladesh, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, mifuko iliyoziba njia za maji iliyazidisha mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na mwaka 1998, na kwa sababu hiyo nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kuikataza mifuko hii, mwaka 2002. Katika machinjio ya Nairobi madaktari wa mifugo walitoa mifuko matumboni mwa ng'ombe waliochinjwa ili waliwe na watu. Na kasa wa baharini huuona mfuko unaoelea akadhani ni konyeza, ambaye ni chakula chake, akaumeza, ukamziba matumbo hata akafa. Hawa ni viumbe wasio na ulimi wa kushitaki, na dini imekwisha kufundisha kuwa yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka.

HOJA YA KWANZA: YA KUWA NI KITU CHA HALALI

Wasema baadhi ya watu: Mfuko ni kitu cha halali, na asili ya vitu ni ruhusa, mwenye kuharimisha asichokiharimisha Mwenyiezi Mungu ameingia katika khatari kubwa.

Jawabu: Mwanzo wa maneno haya ni kweli, na wanavyuoni wa Kishafii ni katika walioishika sana kanuni hiyo. Walakini yapasa kutofautisha baina ya kitu kilichokatazwa kwa dhati yake, kama ulevi na nyama ya nguruwe, na kitu kinachokatazwa kwa jambo la nje lililofuatana nacho. Kuuza zabibu ni halali. Kumwuzia ajulikanaye kuwa atazigeuza ulevi si halali, na zabibu ni zile zile. Kuchimba kisima katika milki ya mtu mwenyewe ni halali. Kukichimba katika njia nyembamba ipitayo watu ni kumdhamini atakayetumbukia, na kisima ni kile kile. Kilichobadilika si kitu, ni yale yatokayo kwacho.

Na hapa pana jambo ambalo wazee wengi husema, nalo yafaa lifahamiwe vizuri. Wasema: Babu zao walikuwa wakitupa taka nyuma ya nyumba na pwani, na hapana aliyewaambia kuwa wafanya dhambi. Ni kweli. Babu alirudi marikiti na samaki wake katika pakacha la makuti, akalitupa pakacha, likaliwa na mchwa na mvua. Mwaka haukupita ila limekuwa udongo, na mnazi ukastawi juu yake. Mjukuu atupa mfuko mahali pale pale kwa mkono ule ule. Kitendo ni kimoja kwa macho, na hukumu ni mbili, kwa kuwa hukumu hufuata sababu yake, ikiwepo huwepo na ikiondoka huondoka. Basi mjukuu asijifiche nyuma ya babu. Babu hakuacha nyuma yake kitu cha kumdhuru mjukuu.

HOJA YA PILI: YA MASIKINI

Wasema: Kukataza mfuko ni kuwaonea wanyonge. Mama muuza viazi na mchuuzi wa mboga hawana fedha za kununua mifuko ya ghali, na wafanya kazi wa viwandani wamepoteza riziki. Wenye viwanda wa Kenya walisema mwaka 2017 kuwa watu 60,000 wangepoteza kazi.

Jawabu: Hoja hii haifai kupuuzwa, na mwenye kuidharau hakuifahamu dini. Ni kanuni iliyothibiti kuwa madhara huondolewa. Na ni kanuni iliyo sawa nayo kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kadhalika wanavyuoni wamesema kuwa madhara ya watu makhsusi huvumiliwa ili kuzuia madhara ya watu wote, walakini hawakusema kuwa watu hao makhsusi waachwe waangamie. Imamu Shafii alimfananisha mtawala kwa raia zake na walii kwa yatima wake: hana ruhusa ya kutenda ila lenye maslaha naye. Basi mtawala aliyefunga kiwanda yampasa amtazame aliyekuwa akila kwa kiwanda hicho. Na aliyekataza mfuko wa bure yampasa asahilishe kupatikana kwa kikapu cha rahisi.

Na katika adhabu pia pana la kusema. Sheria ya Kenya iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hata miaka 4. Kanuni za Tanzania za mwaka 2019 zilimwekea mwenye kuuchukua mfuko mkononi faini ya shilingi 30,000 hata 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, na adhabu kubwa zikawekewa wenye kufanya mifuko na wenye kuiingiza. Ijulikane kuwa fukaha wamesema adhabu ya kutiisha huwa kwa kadiri ya kosa na kwa hali ya mkosaji. Kumpima mchuuzi wa nyanya kwa mizani moja na mwenye kiwanda si uadilifu, hata ikiwa kukataza kwenyewe ni sawa. Mtu aweza kuikubali amri na akaulaumu ukali wake, na haya mawili hayapingani.

Ila jambo moja lisisahauliwe. Masikini ndiye akaaye karibu na mtaro ulioziba, na mbuzi wa masikini ndiye alaye jaani. Tajiri hujenga juu na huzolewa taka zake. Mwenye kumtetea masikini kwa ajili ya mfuko, na amtetee pia siku ya mafuriko.

HOJA YA TATU: YA KUWA NI AMRI YA SERIKALI TU

Wasema wengine: Hii ni sheria ya Serikali, si sheria ya dini, anayeonekana na askari ameshikwa, na asiyeonekana hana kosa.

Jawabu: Wanavyuoni wa Kishafii, na miongoni mwao Ibn Hajar al-Haytami, waliitaja mas'ala hii katika mlango wa swala ya kuomba mvua, pale waliposema juu ya kiongozi aamrishapo watu wafunge. Wakapambanua: akiamrisha jambo la mubaha lisilo na maslaha ya watu wote, kutii ni kwa dhahiri tu, kwa kuepusha fitina, na likiwa na maslaha ya watu wote, kutii ni kwa dhahiri na kwa batini, yaani hata pale asipoonekana na mtu.

Yamkini mtu akasema kuwa maneno hayo ni ya kiongozi wa Kiislamu, na Serikali za leo katika nchi hizi si za namna hiyo. Na ajibiwe: Tuseme hoja hiyo imekubaliwa na amri imeondolewa kabisa, je, madhara yameondoka? Mtaro ungali umeziba, na ng'ombe angali amemeza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kujidhuru na kudhuriana kabla ya Serikali zote hizi, na akafundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuuondoa udhia ni imani, kuuweka ni nini? Amri ya Serikali haikuumba kosa. Ilionya tu juu ya kosa lililokuwapo. Mwenye kuiba gizani hakuwa mwaminifu kwa sababu askari amelala.

Na haifichiki kuwa baada ya kukatazwa, mifuko iliendelea kuingizwa kwa magendo mipakani, ikafichwa chini ya meza, ikatolewa kwa mnunuzi ajulikanaye. Lawama ikamwangukia mwuzaji. Walakini mwuzaji angaliificha kwa ajili ya nani, lau kuwa hapana mnunuzi aliyesimama mbele yake na mikono mitupu, akamwambia, "Nitilie"?

HOJA YA NNE, NAYO NDIYO ASILI YA ZOTE

Yabaki hoja ambayo watu hawaisemi kwa ulimi, walakini ndiyo iliyo moyoni. Mtu hujisemea: Mfuko mmoja hauzibi mtaro. Nikiuacha, mtaro utaziba vile vile kwa mifuko ya wengine. Na nikiuchukua, hautaziba kwa sababu yangu. Basi mimi simo.

Hoja hii ina nguvu, na si ya mfuko peke yake. Ndiyo hoja ya kila mwenye kuchota kidogo katika mali ya wakfu, na ya kila mwenye kukaa kimya watu wanapomsingizia mtu mwema, na ya kila mwenye kuchelewesha deni dogo. Ikikubaliwa, hapana ubaya wa jamaa utakaopata mwenyewe.

Na wanavyuoni hawakuiacha bila ya jawabu. Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj, katika mlango wa majeraha, aliitaja sura hii: watu wengi wampiga mtu mmoja kwa mijeledi, na pigo la kila mmoja peke yake si la kuua, akafa kwa jumla ya mapigo. Ni nani aliyeua? Kila mmoja aweza kuapa kuwa pigo lake lisingaliua, na akawa mkweli. Hukumu iliyo sahihi zaidi ni kuwa wakiwa waliafikiana, kisasi ni juu yao wote. Na wakiwa hawakuafikiana, kisasi hapana, ila dia yagawanywa juu yao kwa hesabu ya mapigo. Azingatie mwenye kuzingatia: katika sura zote mbili hapana hata mmoja aliyeambiwa, nenda zako, pigo lako lilikuwa dogo.

Mfano huu haukuletwa kwa kusema kuwa mwenye mfuko ni mwuaji. Haukuletwa ila kwa kufahamisha kuwa madhara yakigawika hayapotei. Mwenye kupiga mara moja ana fungu la mara moja, na mwenye kupiga mara kumi ana fungu la mara kumi. Na iko tofauti baina ya asiyejua kuwa wengine wapiga na yule ajuaye. Kabla watu hawajafahamu khabari ya mitaro na kasa, kila mmoja alikuwa mfano wa aliyepiga peke yake pasi na mapatano. Leo khabari imeenea, na kila anyoshaye mkono ajua kuwa mikono elfu imenyoshwa pamoja na wake. Ujuzi huo si mapatano ya ulimi, walakini umekaribia.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano ambao watu wa mwambao ndio wastahiki zaidi kuufahamu, kwani ni mfano wa chombo. Watu waligawana chombo kwa kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Walio chini walikuwa wakipita kwa walio juu kuteka maji, wakaona kuwa wawaudhi, wakasema afadhali watoboe katika fungu lao wenyewe. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa mikono yao, wote wataokoka. Wale watoboaji nia yao haikuwa mbaya; walitaka kupunguza udhia. Na fungu lilikuwa lao kwa haki. Ila chini ya ubao wao bahari ilikuwa moja kwa wote.

Kisha afikiri mwenye hoja hii jambo la mwisho. Kidogo kikiwa si kitu katika shari, hakitakuwa kitu katika kheri. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua jahazi waliloliunda kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya kandambili zilizookotwa fukweni, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hata Unguja. Kila kipande peke yake kilikuwa taka, na kila aliyeinama akaokota kimoja aliweza kusema kuwa kimoja hakiundi chombo. Nao Waislamu wote wasadiki kuwa nusu ya tende itolewayo sadaka huhesabiwa, na kuwa mwenye kutenda uzito wa chembe ya kheri ataiona. Basi atarajiaye kulipwa chembe yake ya kheri, kwa hoja gani atakataa kuulizwa chembe yake ya shari? Mizani ni moja.

NENO LILILOBAKI

Asidhani mtu kuwa akiuacha mfuko wa plastiki amekwisha kutua mzigo. Mwaka 2011 idara ya mazingira ya Uingereza ilipima, ikaona kuwa mfuko wa pamba hauna budi utumiwe mara 131 kabla haujawa bora kuliko mfuko mmoja mwembamba wa plastiki uliotumiwa mara moja, kwa upande wa moshi na joto viongezwavyo hewani katika kuufanya. Basi mwenye kununua mfuko wa kitambaa kila aendapo sokoni, akaurundika nyumbani au akautupa, amebadili kitu na hakubadili tabia. Ubaya haukuwa katika plastiki peke yake. Ulikuwa katika kukichukua kitu na kukitupa pasina kujiuliza kinakwenda wapi, na hiyo ni israfu, ambayo dini imeikataza hata katika maji ya udhu.

Kwa hivyo yampasa mwenye nyumba aende marikiti na kikapu chake cha ukili, na samaki ampeleke na chombo, na asione haya kwa hilo, kwani wazee wake hawakuona haya. Mwenye duka asimpe mtu mfuko asioutaka. Mwenye mali awanunulie vikapu wachuuzi wa mtaa wake, na iwe ni sadaka, na wasusi wa ukili wapate riziki. Mwalimu wa chuo awafundishe watoto kuwa mtaro wa mtaa ni njia ya watu, na udhia uliomo ni udhia wa njiani. Na mwenye amri aamrishe kwa uadilifu, akaze kwa wakubwa na awe mpole kwa wadogo. Wala asimngoje mtu mwenziwe aanze, kwani siku ya hesabu hapana atakayeulizwa mtaro mzima. Kila mtu ataulizwa kilichotoka mkononi mwake.

Mwenyiezi Mungu awaafikie Waislamu katika kuhifadhi amana aliyowapa, awasamehe walilolitenda kwa kutojua, na awaepushe na kulikariri baada ya kujua. Amin.